Bikoni Iliyohama Mita 300: Kisa cha Mpaka wa Vijiji Viwili Masasi

Vijiji viwili vya wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara, vilikaribia kushikiana mapanga kwa sababu ya pini moja kwenye ramani ya simu. Majina yake sitayataja, maana watu wa huko wanaoana, wanazikana na korosho zao zinapimwa kwenye ghala moja. Kimoja nitakiita kijiji cha juu, kingine kijiji cha bondeni. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari ya kata. Niliingia katika jambo hili pale mtendaji wa kijiji cha bondeni alipokuja shuleni na karatasi mkononi, akaniuliza kama ninazifahamu hizi namba za latitudo na longitudo. Usomaji wa ramani naufundisha kila mwaka. Sikuwahi kuuona ukigusa chakula cha watu kwa karibu namna ile.

Mpaka wa vijiji hivyo unafuata korongo linalokatisha kutoka magharibi kwenda mashariki. Kijiji cha juu kiko kusini mwa korongo, cha bondeni kiko kaskazini, na pande zote mbili ni mikorosho. Ilikuwa majira ya kupulizia salfa, wakati ambapo mkulima akichelewa, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua na msimu wake umekwisha kabla haujaanza. Kijana mmoja wa kijiji cha juu, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni, alipata nakala ya ramani ya mipaka ya kijiji chake. Akachukua namba za bikoni ya korongoni, yaani ile alama ya mpaka ya zege na nondo, akazigeuza kwenye tovuti moja ziwe latitudo na longitudo, akazibandika kwenye Google Maps. Pini ikaangukia ndani ya mikorosho ya kijiji cha bondeni, karibu mita 300 kaskazini mwa korongo. Akapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na chini yake akaandika kwamba ardhi yetu inaliwa.

Mita 300 ni ardhi ya kutosha kuvunja undugu. Ukipanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hekta moja inabeba miti kama 69. Ukanda wenye upana wa mita 300 na urefu wa kilomita moja ni hekta 30, yaani miti inayozidi elfu mbili. Hapo kuna ada za shule, mabati, mahari na matibabu ya wazee.

Vijana wa kijiji cha juu wakavuka korongo na kopo la rangi nyekundu, wakaanza kutia alama kwenye mashina. Wenye mikorosho wakatoka. Wazee wa pande zote mbili waliwahi kuingia kati, na kwa busara yao hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile hakuna aliyepuliza salfa kwenye kipande kile. Nani atamwaga fedha kwenye mti ambao hajui kama ataruhusiwa kuuvuna?

Namba zilizokuwa kwenye karatasi

Karatasi aliyoniletea mtendaji ilikuwa fotokopi ya A4 ya ramani iliyokuwa kubwa zaidi. Ilionyesha umbo la kijiji cha juu, na pembeni jedwali lenye majina ya bikoni na safu mbili za namba, moja imeandikwa E na nyingine N. Kwa kijiji kinachopakana nacho, bikoni za upande wa korongo ni zilezile, ndiyo maana naye alikuwa na nakala. Namba za E zilikuwa na tarakimu sita, za N tarakimu saba zinazoanzia na 88.

Namba za namna hiyo si latitudo wala longitudo. Ni mita, katika mfumo wa gridi unaoitwa UTM. Dunia imegawanywa kanda 60, kila kanda nyuzi 6 kwa upana, na mikoa ya Mtwara na Lindi iko kwenye kanda ya 37, upande wa kusini wa ikweta. Katikati ya kanda hii unapita mstari wa longitudo 39, ambao umepewa thamani ya mita 500,000. Kwa hiyo E ya 478,000 ina maana mahali hapo ni kilomita 22 magharibi mwa mstari huo. Kwa N, ikweta imepewa thamani ya mita 10,000,000 kwa sisi wa kusini, ili tusiandike namba hasi. N ya 8,815,000 ni kusema uko kama kilomita 1,185 kusini mwa ikweta. Mtu akiujua mpangilio huu, namba zinaacha kumtisha, na anaweza kukisia kwa kichwa tu kwamba mahali panapotajwa ni jirani na mji wa Masasi.

Simu haisemi kwa gridi hiyo. Google Maps, WhatsApp na karibu kila programu ya ramani hutumia latitudo na longitudo kwa desimali: Mtwara mjini ni kama -10.27, 40.18; Lindi -10.00, 39.71; Nachingwea -10.38, 38.77. Latitudo hutangulia, longitudo hufuata. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba tuko kusini mwa ikweta, na sehemu yoyote ya mikoa yetu miwili lazima iwe nayo. Ndiyo maana kijana alihitaji kigeuzi cha kutoka mita kwenda nyuzi, na vigeuzi hivyo viko tele mtandaoni, bure.

Kumtafuta kijana

Jambo la kwanza nililotaka ni kuzungumza na kijana mwenyewe. Mtendaji alisita, akisema watu wake hawatapenda nikaonekane upande wa pili. Nilimjibu kwamba kwa hesabu hakuna upande wa pili. Mwenyekiti wa kijiji cha juu alinipokea vizuri, akamwita kijana, tukakaa kwenye benchi la ofisi.

Alikuwa na wasiwasi kwamba nimekuja kumgombeza. Nilimwomba arudie mbele yangu kila alichokifanya, hatua kwa hatua, na laptopu yake. Niseme wazi hapa kwamba kazi yake ilikuwa safi kuliko watu wengi walivyodhani baadaye. Alichagua UTM. Alichagua kanda ya 37. Alichagua kusini. Aliingiza E mahali pa E na N mahali pa N, bila kukosea tarakimu. Alibandika jibu kwenye Google Maps akiwa na alama ya kutoa mahali pake.

"Sasa, Ticha, kosa langu liko wapi?" aliniuliza.

"Umepiga pini za bikoni zote, mwanangu, au hii tu?"

"Hii tu. Ndiyo yenye ugomvi."

Tukaziingiza zote. Umbo likatoka lilelile la kwenye karatasi, kona kwa kona, lakini kijiji kizima kilikuwa kimehamia kaskazini na kidogo magharibi. Ukanda waliodhani wamedhulumiwa upande wa korongo ulikuwa na pacha wake upande wa kusini: huko, kwa pini zilezile, kijiji cha juu kilikuwa kinapoteza mita 300 kwa kijiji cha tatu, pamoja na mashamba ya watu waliokuwa wamekaa nasi ofisini pale. Na bikoni ya mashariki, ambayo kila anayepita barabarani anaiona kwa macho imesimama kando ya kalvati, ilionekana kwenye ramani ikiwa porini, mbali na barabara.

Mwenyekiti aliinama kwenye skrini muda mrefu. Yeye ndiye aliyesema, kabla yangu, kwamba bikoni ya kwenye kalvati haijawahi kuhama.

Kila kosa lina kimo chake

Watu wengi wakiona pini imekwenda kombo husema "GPS inadanganya" na kuishia hapo. Hilo ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote, kwa sababu makosa ya namba za mahali yanajitambulisha. Kila moja lina ukubwa wake na mwelekeo wake. Ukipima pini imekosea kwa kiasi gani na kwenda upande gani, mara nyingi unajua tayari kosa ni lipi, hata kabla hujanyanyuka kitini.

Chukua mahali penye -10.72, 38.80, hapo Masasi. Ukisahau alama ya kutoa, pini inakwenda Ethiopia, kaskazini mwa Addis Ababa. Ukibadilisha nafasi, ukaandika 38.80, -10.72, unajikuta katika bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Lisbon. Ukichagua kanda ya 36 badala ya 37, unaangukia Zambia. Ukichagua kaskazini badala ya kusini, unafika kwenye barafu za Aktiki. Haya ni makosa makubwa na kwa hiyo ni mepesi kuyakamata.

Lipo moja la katikati ambalo nimeliona kwa wanafunzi mara nyingi, nalo ni baya zaidi kwa sababu linakuacha ndani ya mikoa yetu hii miwili. Ni kuchanganya dakika na desimali. Latitudo ya nyuzi 10, dakika 43 na sekunde 12 ni 10.72 kwa desimali, kwa kuwa dakika 43 unazigawa kwa 60 na sekunde 12 unazigawa kwa 3,600. Anayeandika 10.4312 kwa kuunganisha tu tarakimu anajisogeza kaskazini kilomita zipatazo 32. Kutoka Masasi, hiyo inakuvusha kuelekea Nachingwea, na pini inatua kwenye mashamba yanayofanana kabisa na ya kwenu. Mtu asiyeyajua maeneo hawezi kushtuka.

Kwa upande wa makosa madogo, simu ya kawaida penye anga wazi inakosea mita 5 hivi. Chini ya mwembe mnene au pembeni ya ile milima ya mawe ya Masasi inaweza kukosea zaidi, lakini hazifiki mia. Desimali nazo zina uzito wake: ukiacha tarakimu nne baada ya nukta umeshika mahali kwa usahihi wa kama mita 11, tano ni mita moja na kidogo, tatu ni mita 110. Kijana alikuwa na tarakimu sita.

Basi kosa letu halikuwa la kilomita wala la mita kumi. Tulipima kwenye kalvati: pini ilikuwa karibu mita 300 kaskazini mwa bikoni halisi, na mita tisini na kitu magharibi. Tukaenda bikoni nyingine isiyobishaniwa, upande wa kusini, nikasimama nayo na simu mkononi hadi kile kiduara cha bluu kikatulia, tukalinganisha. Tofauti ileile, upande uleule.

Kosa linalojirudia sawasawa katika kila pembe haliko kwenye simu, wala haliko kwa aliyechimbia bikoni. Linatoka kwenye mfumo wa rejea, yaani ule msingi ambao namba zimepimwa kutokea kwake. Na kwa Tanzania, mita 300 kaskazini na chini kidogo ya 100 magharibi ni alama ya kidole ya Arc 1960.

Arc 1960 ni nini

Dunia si mviringo kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha, na ili kupima juu yake wapimaji huchagua umbo la hesabu linaloikaribia, kisha hulifunga mahali fulani. Kabla ya setilaiti, kila sehemu ya dunia ilichagua umbo linaloitosha yenyewe. Kwa Afrika Mashariki lilitumika umbo lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880, likafungwa kwenye mnyororo wa pembetatu uliopimwa kufuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Kazi hiyo ilianza katika karne ya 19 na kukamilika mwaka 1954, wanaume wakipanda mlima hadi mlima na vyombo vya kupimia pembe. Hesabu zake za mwaka 1960 ndizo zilizozaa mfumo wa Arc 1960, uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania. Zile ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, ambazo wengi wetu tumefanyia mitihani ya sekondari, zimechorwa juu ya msingi huo, na wapimaji wa viwanja na vijiji waliendelea nao kwa miaka mingi.

GPS ilikuja na msingi mwingine, WGS84, wenye umbo linalotosha dunia nzima na kitovu kilichowekwa kwenye kitovu cha uzito wa dunia. Simu zote zinautumia. Misingi hii miwili haikai juu ya nyingine sawasawa, kwa hiyo namba zilezile za E na N zinaonyesha sehemu mbili tofauti kwenye udongo.

Kwa namba za mfano, zisizo za bikoni yoyote: E 478,000 na N 8,815,000. Ukikiambia kigeuzi kwamba ni za WGS84, utapata -10.7198, 38.7988. Ukikiambia ni za Arc 1960, utapata kama -10.7225, 38.7997. Kwa macho ni tofauti ya tarakimu za mwisho tu. Shambani ni mwendo wa dakika nne kwa miguu, na unavuka korongo.

Kigeuzi cha kijana kilikuwa na kisanduku cha kuchagua mfumo, kimeandikwa WGS84 tangu mwanzo. Yeye hakukigusa, kwa sababu hakuna kilichomwambia akiguse. Nilitaka kujua kwa nini, wakati kila ramani ya mpimaji hutaja msingi wake. Tukaomba ofisini ramani yenyewe, ile kubwa. Pale chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa Arc 1960, Clarke 1880, UTM kanda ya 37. Aliyetoa fotokopi steshenari alikuwa ameipunguza ramani iingie kwenye A4, na ukingo wa chini ukabaki nje ya kioo. Mstari mmoja ulikatwa, na nakala zote zilizozunguka vijijini zilitokana na nakala ile.

Tukageuza upya. Nilitumia tovuti ya epsg.io, kwa kuwa pale unachagua mfumo wa kutoka na mfumo wa kwenda kwa namba zake, na huwezi kuruka hatua hiyo bila kujua. Namba 21037 ni Arc 1960 ya UTM kanda ya 37 kusini. Namba 32737 ni kanda hiyohiyo kwa WGS84, ambayo ndiyo kijana aliyokuwa ameitumia bila kujua. Namba 4326 ni latitudo na longitudo za WGS84, zile za simu. Kutoka 21037 kwenda 4326, bikoni ya kwenye kalvati ikatua kwenye kalvati. Vigeuzi viwili vinaweza kupishana kwa mita chache hapa, maana kuna zaidi ya seti moja ya vipimo vya kuhamisha kutoka Arc 1960. Hilo halikutusumbua, kwa kuwa tulikuwa tunatafuta pa kufukua majani, si pa kuchora mstari.

Korongoni

Siku ya kwenda kwenye bikoni yenye ugomvi walikuja wenyeviti wote wawili, watendaji, wajumbe wa kamati za ardhi, na babu mmoja wa kijiji cha bondeni aliyekuwepo bikoni zilipochimbiwa. Alipoona nimeshika simu alisimama.

"Mwalimu, siku ile tulibeba kokoto kichwani kutoka barabarani. Simu hii ilikuwepo?"

"Shikamoo, babu. Haikuwepo. Ndiyo maana nataka wewe utangulie, sisi tukufuate, halafu tuone kama namba zinakubaliana na wewe."

"Marahaba. Hayo ni maneno."

Akatangulia. Nilimwachia kijana wa kijiji cha juu aishike simu, kwa sababu nilitaka watu wa kwao wayaone matokeo mikononi mwa mtoto wao. Bando halikuwa na kazi huko, mtandao wenyewe haukuwepo. Simu inapokea GPS kutoka kwenye setilaiti bila intaneti. Kinachokosekana ni picha ya ramani tu, na hiyo tulikuwa tumeipakua tukiwa mjini. Babu alisimama kwenye ukingo wa korongo, chini ya mkwaju, akapiga ardhi kwa fimbo. Simu ilionyesha kwamba tumebakiza hatua chache kuelekea mashariki.

Walifyeka, wakaondoa majani. Kilichotoka ni kitako cha zege kilichopasuka, tundu katikati. Nondo haikuwepo. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita vijijini kila mwezi, na nondo za bikoni zimekwenda na njia hiyo katika sehemu nyingi za kusini. Lakini kitako kilikuwa upande wa ukingo ambao babu aliutaja, si mita 300 kaskazini katikati ya mikorosho ya watu.

Kijana alisoma namba kwa sauti, mtendaji akaandika. Kisha akaomba asemewe neno na mwenyekiti wake, na mwenyekiti akawaambia watu wa bondeni kwamba rangi iliyotiwa kwenye mashina itafutwa na walioitia. Babu akamshika kijana mkono, akamwambia, "Mjukuu wangu, umetusumbua, lakini umetupatia bikoni yetu. Ungekaa kimya, zege hili lingekwisha lote."

Salfa ikaanza kupulizwa asubuhi iliyofuata.

Nilichowazuia wasikifanye

Pale pale korongoni palitokea pendekezo la kuchomeka nondo mpya na kumwaga zege, mambo yaishe. Nililikataa, na nafurahi kwamba wenyeviti walinisikiliza. Simu yenye kosa la mita 5 inatosha kukufikisha kwenye bikoni iliyopotea. Haitoshi kuiweka. Mpima wa halmashauri anakuja na vyombo vinavyosoma kwa sentimita, anaanzia kwenye alama za upimaji zinazotambulika, na anachokiweka ndicho kinachoungana na ramani iliyosajiliwa na cheti cha ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Bikoni iliyochomekwa na wanakijiji kwa simu, hata ikiwa mahali sahihi, ni mwanzo wa kesi nyingine pale mwenyekiti mwingine atakapoingia madarakani na kuuliza ni nani aliyeiweka.

Niliwaomba pia waache kutumiana picha za skrini katika mambo ya ardhi. Picha ya pini haina kitu cha kukaguliwa. Tuma namba zenyewe kama maandishi, zikiwa na alama ya kutoa na tarakimu tano baada ya nukta, useme ni za WGS84 au za Arc 1960, na useme zimepatikanaje: kwa kusimama pale na simu, kwa kubonyeza ramani nyumbani, au kutoka kwenye karatasi ya mpimaji. Kwenye Google Maps unabonyeza mahali kwa sekunde moja au mbili, pini inatokea pamoja na namba zake, unazinakili. Jihadhari na kunakili namba zinazofuata alama ya @ kwenye anwani ya tovuti ukiwa kwenye kompyuta, maana hizo ni za katikati ya skrini, si za pini. Ukiwa umeisogeza ramani kidogo, umetuma mahali pengine kabisa. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo, wakifanya hivyo wanapotuma lokesheni ya kisima au ya zahanati.

Na kabla ya kuamini namba za sehemu usiyoijua, zijaribu kwanza kwa sehemu unayoijua. Kama karatasi ina bikoni kumi, na mojawapo unaiona kila siku ukienda sokoni, anza na hiyo. Kazi hiyo inachukua muda mfupi kuliko kutafuta kopo la rangi.

Jambo hili lingeweza kuwa baya zaidi. Namba za Arc 1960 ziko katika makabati ya ofisi za vijiji vingi, na kila mwaka vijana wanaojua kutumia vigeuzi wanaongezeka, jambo ambalo ni jema. Kila fotokopi iliyokatwa ukingo inaweza kusukuma kijiji kizima mita 300 upande mmoja, na mara zote upande huohuo, kaskazini. Kwa hiyo anayenufaika kwenye skrini ni yule aliye kusini mwa mpaka, na anayeonekana mwizi ni jirani yake wa kaskazini. Ukisikia mgogoro wa mpaka wenye sura hiyo, uliza ramani imeandikwa nini chini.

Vijiji hivi viwili vimeandika barua moja kwa halmashauri kuomba mpima aje airudishe bikoni, na wamekubaliana kugawana gharama nusu kwa nusu. Hadi atakapokuja, kila mmoja anapalilia na kuvuna upande wake wa korongo. Kamati zote mbili zimepewa nakala ya ramani ya ukubwa kamili, na kijana ndiye aliyekwenda nayo mjini, kwenye duka lenye mashine inayobeba karatasi pana.